Gazeti Lililolishwa na Matangazo ya Vyumba: Jibu Kuhusu The Village Voice la New York

Swali: Msomaji wetu wa Tanga, anayesomea uandishi wa habari, ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tunafikiria kuanzisha gazeti la wiki la mji wetu. Darasani tumetajiwa The Village Voice la New York kuwa ndilo mama wa magazeti mbadala ya wiki, yaani yale yanayoandika mambo na sauti ambazo magazeti makubwa ya kila siku huyaacha, lakini hatukuelezwa zaidi ya hapo. Lilianzaje, lilikuwa likila nini miaka yote hiyo, na lilikufa kwa nini? Wengine wanasema liliuawa na intaneti, wengine wanasema lilijiua lenyewe siku lilipoanza kugawiwa bure."

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, nami nitayajibu yote, ila si kwa uzito ulio sawa. Habari za kuzaliwa kwa gazeti hilo na za kufa kwake zimesimuliwa sana. Habari za chakula chake husimuliwa haraka haraka, kana kwamba ni jambo la mhasibu tu, na kwa maoni yangu humo ndimo lilimo jibu la hayo maswali mengine mawili. The Village Voice lilikuwa na waandishi wenye vipaji na ujasiri mkubwa, lakini waliolipia ujasiri huo walikuwa watu wa kawaida wa New York waliotafuta chumba cha kupanga, mpiga ngoma wa bendi, au kitanda kilichotumika. Ukilishika hilo, historia yake yote inasomeka.

Neno "Village" katika jina la gazeti lisikupoteze. Linataja Greenwich Village, mtaa ulio upande wa magharibi wa sehemu ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, ambako barabara zimepindapinda badala ya kukatana kwa mistari iliyonyooka kama zilivyo barabara nyingine za kisiwa hicho. Katika miaka ya 1950 kodi za nyumba huko zilikuwa nafuu, na kwa sababu hiyo mtaa ulijaa wachoraji, washairi, waigizaji, wapiga jazi na vijana waliokuwa wamekimbia miji yao. Magazeti makubwa ya kila siku hayakuwa na haja nao. Yaliandika habari za ikulu, za masoko ya hisa na za uhalifu, na yaliandika kwa sauti moja isiyo ya mtu yeyote.

Toleo la kwanza lilitoka tarehe 26 Oktoba 1955, likauzwa kwa senti 5. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala katika barabara ya Greenwich Avenue. Walioanzisha ni watatu: Dan Wolf, aliyekuwa mhariri, Edwin Fancher, mwanasaikolojia aliyeshika kazi ya mchapishaji, na Norman Mailer, mwandishi wa riwaya ambaye tayari alikuwa na jina kubwa na akatia sehemu ya mtaji. Wolf na Fancher walikuwa askari wa zamani wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Pamoja nao walikuwepo John Wilcock, mwanahabari aliyetoka Uingereza, na Jerry Tallmer, mhakiki wa tamthilia ambaye mwaka 1956 alianzisha tuzo za Obie kwa ajili ya michezo iliyochezwa nje ya kumbi kubwa za Broadway. Tuzo hizo zimeendelea kutolewa, na mtaani zilifanya jambo moja la maana kwa gazeti lenyewe: kila mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho alijua kwamba gazeti hili linamwona, na kwa hiyo lilikuwa gazeti la kwanza alilofikiria alipotaka kutangaza onyesho lake.

Wolf alikuwa na imani ambayo nataka uitafakari kabla ya kuajiri mtu yeyote. Aliona kwamba gazeti lao limeanzishwa ili kuvunja dhana ya kwamba mtu lazima awe amefunzwa kazi hii ndipo aifanye. Alipokea makala kutoka kwa watu waliopita tu mlangoni, akawaacha waandike kwa nafsi ya kwanza, kwa lafudhi zao na hasira zao, na hakuwapunguza sana. Jules Feiffer aliingia mwaka 1956 akiwa na vibonzo ambavyo wachapishaji wengine walikuwa wamevikataa. Kwa miaka ya mwanzo alichora bila malipo, akabaki na gazeti hilo kwa zaidi ya miaka 40, na mwaka 1986 akapata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko Marekani. Mailer mwenyewe hakukaa. Alianza safu yake Januari 1956, akagombana na wenzake kwa sababu nyingi, ya mwisho ikiwa kosa la chapa: aliandika juu ya tofauti ndogondogo za ukuaji, gazeti likachapa kero za ukuaji, kwa kuwa katika Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana sana kwa herufi. Mwezi Mei mwaka huohuo safu ikaisha. Husimuliwa kama kichekesho, lakini mimi naona ndani yake umaskini wa gazeti lile la mwanzo, lisilo na msomaji prufu wa kutosha na lisilo na muda wa kurudia ukurasa.

Kilicholiinua mtaani kilikuwa bustani. Robert Moses, mtu aliyekuwa na mamlaka makubwa kuliko yeyote juu ya barabara na bustani za New York, alitaka kupitisha barabara kuu katikati ya Washington Square, uwanja wa wazi ulio moyoni mwa Greenwich Village, ambako watoto walicheza na wapiga gitaa walikusanyika Jumapili. Akina mama wa mtaa, akiwemo Shirley Hayes, walianza kupinga. Baadaye Jane Jacobs, aliyekuja kujulikana duniani kote kwa maandishi yake juu ya miji, aliungana nao. The Village Voice halikujifanya kuwa halina upande. Liliandika wiki baada ya wiki, likataja vikao vilipofanyika na nani alisema nini, na mwaka 1958 magari yakazuiwa kupita katika bustani hiyo. Hakuna gazeti la mji mzima ambalo lingeweza kuufuatilia ugomvi wa bustani moja kwa muda mrefu namna ile, na kwa kufanya hivyo gazeti liliwafundisha wakazi wa mtaa kwamba mambo yao ni habari.

Kisha likaingia katika siasa za mtaa huohuo. Carmine DeSapio, kiongozi wa mtandao wa chama cha Democratic uliojulikana kama Tammany Hall, aliishi palepale Greenwich Village. Wanamageuzi wa chama chake waliungwa mkono na gazeti, wakamng'oa katika uongozi wa wilaya mwaka 1961, na alipojaribu kurudi mwaka 1963 alishindwa na kijana wakili aitwaye Ed Koch. Koch huyo akaja kuwa meya wa New York kuanzia 1978, na Dan Wolf, akiwa ameshaachana na gazeti, akawa mshauri wake. Miaka ya 1980 waandishi wa gazeti alilolianzisha Wolf, hasa Jack Newfield na Wayne Barrett, ndio walioichimbua rushwa iliyokuwa imeota ndani ya serikali ya jiji chini ya Koch. Nimeitaja habari hii kwa makusudi. Gazeti lililomsaidia mtu kupanda halikuona kwamba lina deni la kumnyamazia.

Lakini sifa peke yake haikulipa kodi ya ofisi, na miaka ya mwanzo gazeti lilikuwa likila hasara. Bahati ilikuja kwa njia ya mgomo. Tarehe 8 Desemba 1962 wapiga chapa wa magazeti ya New York waligoma, na magazeti makubwa ya jiji yakasimama katika mgomo uliodumu siku 114, mpaka mwisho wa Machi 1963. Fikiria jiji la watu karibu milioni nane likiamka bila gazeti, majira yote ya baridi. Wauza duka walikosa pa kutangaza, wenye kumbi walikosa pa kuweka ratiba, na wasomaji walikosa cha kushika. The Village Voice halikuwa katika mgomo huo. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Greenwich Village walilinunua kwa sababu lilikuwepo, na wengi wao hawakuliacha magazeti makubwa yaliporudi. Kuanzia hapo likawa gazeti la jiji, ingawa liliendelea kuandikwa kama la mtaa.

Sasa nifike kwenye chakula. Kurasa za nyuma za gazeti hilo zilijaa matangazo madogo madogo, yaliyopangwa kwa safu nyembamba na herufi ndogo mno. Mtangazaji alilipia kwa urefu, kwa hiyo kila neno lilikatwa mpaka likabaki konsonanti mbili tatu, na msomaji mzoefu alijua kuyasoma mafupisho hayo kama mfamasia anavyosoma mwandiko wa daktari. Katika majengo ya zamani ya upande ule wa jiji haikuwa ajabu kukuta chumba kikiwa ghorofa ya tano pasipo lifti, na beseni la kuogea likiwa jikoni. Mpangaji alilazimika kuyatambua hayo yote ndani ya mstari mmoja. Waliotangaza walikuwa wenye nyumba, madalali, wapangaji waliotaka mwenzao wa kuchangia kodi, wauza samani zilizotumika, walimu wa muziki, wapenzi waliotafutana, na bendi.

Kuhusu bendi nikupe mifano miwili ya watu wanaojulikana. Mpiga gitaa Ace Frehley alijiunga na kundi lililokuja kuitwa Kiss baada ya kujibu tangazo dogo la gazeti hilo. Mwaka 1974 Max Weinberg alijibu tangazo la kutafutwa mpiga ngoma, na hivyo ndivyo alivyoingia katika bendi ya mwimbaji wa roki Bruce Springsteen. Hawa ni wawili waliopata umaarufu. Nyuma yao walikuwepo maelfu waliopata kazi ya usiku mmoja, na hao ndio waliolifanya gazeti kuwa chombo ambacho mwanamuziki wa New York hakuweza kukosa.

Vyumba, hata hivyo, ndivyo vilivyokuwa roho ya yote. New York haikuwahi kuwa na nyumba za kutosha, na chumba kizuri cha bei ya kulipika kiliondoka siku ileile kilipotangazwa. Gazeti lilitoka Jumatano, lakini nakala za kwanza zilifika kwenye kibanda cha magazeti cha Astor Place usiku wa Jumanne. Hapo palikuwa na foleni. Watu walisimama barabarani hata katika baridi kali wakisubiri mafurushi yashushwe, wakanunua, wakapitiliza kurasa za siasa na za muziki bila kuzitazama, wakaenda moja kwa moja nyuma, wakawa wanayazungushia wino matangazo chini ya taa ya mtaani, kisha wakakimbilia simu ya umma kabla mwingine hajakimbilia. Mtu aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam, akazungushwa na dalali kutoka Sinza mpaka Tabata, ataelewa kilichokuwa mioyoni mwa watu wale. Na mwenye nyumba aliyeona foleni hiyo hakuhitaji kushawishiwa atangaze wapi.

Angalia maana yake kwa mhariri. Fedha ya gazeti ilitoka kwenye mifuko ya watu wengi mno, kila mmoja akitoa kidogo. Hakuwepo mtu wa kupiga simu na kusema, ukichapa habari ile naondoa tangazo langu, kwa sababu tangazo lake likiondoka, mia nyingine zimebaki. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni ule wa Jack Newfield, aliyekuwa akichapa orodha ya wenye nyumba kumi wabaya kuliko wote katika jiji, kwa majina: waliowaacha wapangaji bila joto wakati wa baridi, waliowafukuza wazee. Gazeti lililokuwa likila kwa matangazo ya nyumba liliwataja wenye nyumba wabaya hadharani, na wiki iliyofuata kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa kama kawaida.

Wayne Barrett naye alianza mwaka 1979 kuandika juu ya biashara za mjenzi kijana wa majumba aitwaye Donald Trump, wakati magazeti mengine yakimwandika kama nyota. Barrett aliishi Brownsville, mtaa wa maskini huko Brooklyn. Kwa maelezo yake mwenyewe, Trump alimwambia kwamba angeweza kumpatia nyumba mahali pazuri zaidi. Barrett alibaki Brownsville na makala zikachapwa. Aliendelea kumfuatilia mtu huyo kwa miongo mitatu na zaidi, akafariki tarehe 19 Januari 2017, siku moja kabla ya Trump kuapishwa kuwa Rais wa Marekani.

Nisikupe picha ya gazeti lisilo na doa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, polisi walipovamia baa ya Stonewall na mashoga waliokuwamo wakapambana nao, ofisi za The Village Voice zilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Waandishi wake wawili walishuhudia: Howard Smith akiwa amefungiwa ndani ya baa pamoja na polisi, na Lucian Truscott akiwa nje na umati. Habari zao ndizo shahidi muhimu wa karibu tuliyebaki naye, lakini zilijaa maneno ya dharau, na miezi michache baadaye gazeti lilikataa kuchapa katika tangazo dogo neno ambalo watu hao walitaka kuitwa kwalo. Wakaandamana mpaka mlangoni mwa ofisi, Septemba 1969, na gazeti likabadilisha msimamo wake. Ona kwamba ugomvi wenyewe ulihusu tangazo. Watu wa mjini waliziona kurasa zile za nyuma kuwa mali yao, na walikuwa tayari kuzigombania.

Wamiliki nitawapita upesi, kwa kuwa kwa muda mrefu hawakubadilisha mambo kama inavyodhaniwa. Mwaka 1970 mwanasiasa wa jiji Carter Burden na mshirika wake walinunua sehemu kubwa ya hisa. Mwaka 1974 gazeti likaunganishwa na jarida la New York chini ya Clay Felker, na Wolf na Fancher wakaondolewa. Mwaka 1977 likaangukia mikononi mwa Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti mzaliwa wa Australia. Alipotaka kumwondoa mhariri Marianne Partridge, wafanyakazi walisimama pamoja kumpinga, naye akarudi nyuma na kumwacha amalize mkataba wake. Murdoch hakuwa na mapenzi na siasa za gazeti hilo, ila lilikuwa likimpa faida, na faida hiyo ilitoka kwenye kurasa ambazo zingekimbiwa endapo gazeti lingegeuzwa kuwa kitu kingine. Mwaka 1985 alimwuzia Leonard Stern, tajiri wa vyakula na vifaa vya wanyama wa nyumbani, kwa dola milioni 55.

Katika miaka hiyo ya wamiliki waliobadilika ndipo kazi kubwa zilipofanyika. Mwaka 1981 Teresa Carpenter alipata Tuzo ya Pulitzer ya makala, baada ya kugundulika kwamba mwandishi wa gazeti kubwa la Washington aliyeshinda kwanza alikuwa ametunga habari yake. Mwaka 2000 tuzo ya habari za kimataifa ilikwenda kwa Mark Schoofs, kwa mfululizo wa makala nane kuhusu UKIMWI barani Afrika. Nakuomba uitazame hiyo ya pili kwa makini. Gazeti la mtaa, lisilo na ofisi hata moja nje ya nchi yake, lilimlipia mwandishi safari na muda wa kuandika juu ya msiba wetu kwa urefu ambao magazeti mengi makubwa ya huko hayakuutoa. Fedha ya kazi hiyo ilitoka kwa mtu aliyetangaza chumba huko Brooklyn mwaka 1999. Kila ninapolifikiria hilo naona wazi matangazo madogo yalikuwa na thamani gani, na tumepoteza nini yalipoondoka.

Sasa kuhusu kugawiwa bure. Ni kweli kwamba mwaka 1996 The Village Voice liliacha kuuzwa katika Manhattan, ambako bei ilikuwa imefika dola 1.25, likaanza kuwekwa katika masanduku mekundu ya plastiki kwenye kona za barabara, kila apitaye achukue. Waliosema lilijishusha hadhi walikuwa wengi. Lakini sababu zilikuwa za kueleweka: gazeti la bure, New York Press, lilikuwa likiwavuta wasomaji tangu 1988, na mwaka 1995 liliingia mjini jarida la Time Out New York lenye ratiba za burudani zote. Baada ya kuwa la bure, nakala zilizotoka kila wiki zilipanda zikapita 200,000, na bei ya tangazo hupanda pamoja na idadi ya nakala. Aidha, The Chicago Reader, ambalo pia ni gazeti mbadala la wiki, liligawiwa bure tangu lilipoanza mwaka 1971, na likastawi hivyo kwa zaidi ya miongo mitatu. Kwa hiyo wanaosema bei ya bure ndiyo iliyoua wanakosea. Senti za msomaji hazikuwahi kuwa ndiyo riziki kuu. Kile ambacho uamuzi wa 1996 ulifanya, na hapa wakosoaji wana haki kidogo, ni kuondoa mguu mmoja mdogo wa meza, ili uzito wote ukalie ule mkubwa.

Na mguu ule mkubwa ulikatwa muda mfupi baadaye. Mwaka 1995 mtu wa San Francisco aitwaye Craig Newmark alianza kuwatumia rafiki zake barua pepe zenye orodha ya matukio ya mjini. Orodha ikageuka tovuti, Craigslist, na mwaka 2000 tovuti hiyo ikafungua ukurasa wa New York. Tangazo la chumba liliwekwa bila malipo, lilionekana papo hapo, halikuwa na haja ya kukatwa konsonanti, na liliweza kuwekwa picha. Hata madalali wa New York walipoanza kutozwa mwaka 2006, ada ilikuwa dola 10 kwa tangazo. Hakukuwa tena na sababu ya kusimama Astor Place usiku wa Jumanne. Anayesema "intaneti iliua gazeti" anasema kweli, ila anasema kwa jumla mno. Watu hawakuacha kusoma makala za Barrett kwa kuwa walipata makala bora zaidi kwenye simu. Ni chumba ndicho kilichohama, na waandishi wakabaki bila wa kuwalipia.

Kilichobaki nyuma ya gazeti kilikuwa matangazo ya aina ambayo napata taabu kuyataja: ya masaji na ya wanawake waliouza miili yao, ambayo yalikuwa yameongezeka tangu zamani na sasa yakawa tegemeo. Mwaka 2005 kampuni ya New Times ya Phoenix, ya Michael Lacey na Jim Larkin, ilitangaza kuungana na wamiliki wa The Village Voice, na kampuni hiyo ilikuwa pia na tovuti ya Backpage, iliyojulikana zaidi kwa matangazo ya namna hiyo. Mwaka 2012 magazeti yalitenganishwa na tovuti hiyo, na Aprili 2018 serikali ya Marekani ikaifunga. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha kusikitisha zaidi katika historia nzima, kwa kuwa gazeti lililowatetea wanyonge wa jiji liliishia kupokea fedha ambayo hakuna awezaye kuapa kwamba haikutoka kwa mtu aliyelazimishwa.

Baada ya muungano huo waliotolewa au kuondoka walikuwa wengi. Robert Christgau, mhakiki wa muziki aliyekuwapo tangu miaka ya 1970, aliachishwa mwaka 2006. Nat Hentoff, aliyeandika humo tangu 1958 juu ya jazi na juu ya uhuru wa kusema, aliachishwa mwisho wa mwaka 2008. Barrett aliachishwa mwishoni mwa 2010, na mwenzake Tom Robbins, ambaye hakuguswa, akajiuzulu ili aondoke naye. Mwaka 2015 Peter Barbey, wa familia iliyokuwa ikimiliki gazeti huko Pennsylvania, alilinunua akitaka kulifufua. Septemba 2017 akasimamisha toleo la karatasi, ambalo la mwisho lilikuwa na picha ya Bob Dylan ya miaka ya 1960 kwenye jalada, na tarehe 31 Agosti 2018 akaifunga kazi yote. Mwaka 2021 mmiliki mpya, Brian Calle, alilirudisha mtandaoni, na matoleo machache ya karatasi. Jina lipo, lakini lile gazeti la kila Jumatano halipo.

Umeniambia mnataka kuanzisha la kwenu Tanga. Ushauri mmoja tu unatoka katika habari hii: kabla ya kutafuta waandishi, jiulizeni ni kitu gani watu wa Tanga wanakihitaji kila wiki, kinachoisha upesi, na ambacho leo wanakipata kwa taabu au kwa kumtegemea dalali. Kama tayari wanakipata vizuri katika makundi ya simu zao, basi hicho si chakula chenu, na itawabidi mtafute kingine mapema.

Na kama unataka kuliona gazeti lenyewe badala ya kusimuliwa, matoleo yake ya miongo mingi yamepigwa picha na kuwekwa katika hifadhi ya magazeti ya Google, na hayahitaji malipo. Fungua lolote la miaka ya 1970. Usianze na ukurasa wa mbele. Nenda kwanza nyuma, kwenye safu zile nyembamba, hesabu matangazo ya ukurasa mmoja tu kwa kidole, kisha ndipo urudi mbele usome kilichoandikwa.